Geuzeni Vitabu

4 Februari

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Huku hatujambo, ukiacha goti la mama, ambalo siku hizi linatabiri mvua na kukosea. Baba Kasuku amehamishiwa zamu ya alfajiri, kwa hiyo saa yake inatuamsha sote, na anayeendelea kulala ni yeye. Mwanangu Kasuku ametimiza miaka kumi na bado anajibu kabla hujamaliza kuuliza. Mama anakusalimu. Amekaa hapa pembeni yangu na ananihimiza niandike kwamba barua yako iliyopita ilikuwa fupi mno. Anasema nilipomaliza kumsomea, chai yake ilikuwa bado nusu kikombe.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi wa tisa kanisa letu linatimiza miaka hamsini tangu lifunguliwe. Kamati imeamua kutoa kijitabu cha maisha ya Bwana Taratibu, yule mmisionari aliyelijenga, kwa ajili ya watoto wa shule ya Jumapili. Ikatafuta mwandishi. Wakaona mimi ni mwalimu, nina kalamu, na sikuwepo kwenye kikao. Nikachaguliwa bila kupingwa.

Nilichopewa ni picha moja, tarehe aliyofika, na sifa nyingi ambazo zingemfaa mmisionari yeyote. Wewe ulifanya naye kazi ya vitabu miaka mitatu. Niambie alikuwa mtu wa namna gani.

Halafu kuna ule wimbo wa sitini na moja. Unajua kwamba bado watu wanageuza vitabu? Vile vitabu vya zamani ilibidi, maana kurasa zile zilikuwa kichwa chini miguu juu. Lakini vitabu vipya viko sawasawa, na bado kanisa zima linavipindua chini juu, halafu linavirudisha ili lipate kusoma. Mchungaji anasema ni ishara ya toba, aliyoianzisha Bwana Taratibu mwenyewe, na anataka sura nzima juu yake.

Mimi nakumbuka kitu kingine. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakaa kati yako na mama. Wimbo ule ukifika, kila mtu anageuza isipokuwa wewe. Wewe unafunga kitabu na kutazama dari. Nilikuuliza kwa nini, ukanipa peremende. Sasa nimekua, Mjomba. Peremende haitoshi.

Mimi mpwa wako.

*

1 Machi

Kwa mpwa wangu Mwalimu,

Marahaba. Mimi ni mzima wa kutosha. Meno yamebaki machache lakini yanaelewana. Yule paka wa jirani amehamia kwangu rasmi, analala juu ya madaftari ya shule ninayoyashona, na ninyi walimu mkikuta manyoya kwenye daftari la mahudhurio msimlaumu mtoto. Mwambie dada yangu kwamba barua hii nimeirefusha makusudi, achemshe chai ya kutosha.

Unauliza Bwana Taratibu alikuwa mtu wa namna gani. Kwanza, alikuwa anaogopa kuku. Simba hatujui, hakuwahi kukutana naye, lakini kuku akikatiza mlangoni, mtumishi wa Mungu anapanda juu ya kiti. Waandikie watoto hilo, watampenda.

Jina tulimpa sisi, kwa sababu ndilo neno la kwanza alilojifunza na alilitumia kwa kila kitu. Ukibeba sanduku, taratibu. Ukila, taratibu. Mtu akifiwa, alikwenda kukaa naye, akamshika mkono, akasema, "Taratibu." Na unajua, lilifaa.

Alifika na mtambo wa kuchapia uliofunguliwa vipande vipande katika masanduku saba. Moja lilipotea njiani, na kwa bahati mbaya ndilo lililokuwa na maelezo ya kuunganisha. Alikaa miezi mitano sakafuni na vyuma. Watu walikuja kutazama. Wakristo wa kwanza wa pale, ukitaka ukweli, walikuja kuona kama kile kitu kitasimama.

Kuhubiri alikuwa hawezi. Alikuwa akianza, benchi la nyuma linalala, la kati linafuata. Kuimba ndiyo kabisa, usiniulize. Lakini alipenda nyimbo kama mtu asiyejua kuogelea anavyopenda bahari, na kitabu cha nyimbo kilimchukua miaka minne. Kila herufi ya risasi aliipanga kwa mkono wake. Mimi nilikuwa nakunja karatasi na kushona. Karatasi moja kubwa ukiikunja mara tatu inakupa kurasa kumi na sita. Huo tunauita mkunjo. Mikunjo kumi na mitano, uzi, gundi, jalada, basi, kitabu. Alinifundisha kukunja kwa kipande cha mfupa kilicholainishwa, nami ninacho hadi leo.

Pale karakana nilipata na ujuzi mwingine: nasoma maandishi yaliyogeuka kama wewe unavyosoma yaliyonyooka. Nikienda ofisini nasoma yote yaliyo mezani kwa karani, yeye anadhani natazama tai yake. Wiki iliyopita nilijua barua yangu imekataliwa kabla hajakohoa.

Kuhusu wimbo wa sitini na moja, mchungaji wako anaonekana kujua zaidi yangu. Nilipofika kwenye hiyo toba nilicheka hadi nikamwagia paka chai.

Mjomba wako.

*

20 Machi

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imesomwa mara tatu. Mara ya pili mama aliwaita majirani kwa sababu ya kuku. Mvua zimeanza, goti lilikuwa limetabiri jua. Kasuku anauliza kama paka ana jina.

Mama yuko katika hali ya kukumbuka. Jana alinieleza jinsi ulivyokuwa ukiwasomea barua za babu, alipokuwa kazini mbali miaka minne na asirudi. Anasema ulikuwa unasimama mlangoni penye mwanga, unasoma kwa sauti, na bibi analia kwa furaha. "Kaka yangu," anasema, "alikuwa anasoma kama karani wa mahakama." Nikamwambia, ndiyo maana hata kazi ya vitabu ulipata.

Sasa, Mjomba, samahani kwa hili. Katika kabati la kanisa nimekuta kumbukumbu ya kikao cha zamani kilichomjadili Bwana Taratibu. Nakunakilia: "Ameondolewa katika uchapaji kwa uzembe, kufuatia kuharibika kwa mkunjo wa saba katika vitabu vyote mia nane vya nyimbo. Mtambo utahamishiwa makao makuu. Yeye atapangiwa kituo cha ndani ya nchi." Ni ya mwezi mmoja baada ya kanisa kufunguliwa.

Kumbe hakukuwa na ishara yoyote. Lilikuwa kosa, na lilimnyang'anya mtambo wake. Mzee wa kanisa anasema tuandike "aliitikia wito wa kwenda mbali zaidi", habari iishe. Mchungaji bado anaipenda toba yake.

Lakini mkunjo wa saba haukujishona. Aliyekuwa akishona ni wewe. Ilikuwaje?

Mimi mpwa wako.

*

2 Juni

Kwa mpwa wangu,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa na kazi nyingi. Paka hana jina, nikimwita haji, kwa hiyo lingekuwa hasara tu.

Nimekutumia na uzi mzuri wa kushonea, uliotiwa nta. Kijitabu cha watoto kisibanwe kwa pini, zinapata kutu. Kishoneni matundu matatu, anzeni tundu la kati.

Kuhusu uliyouliza: mzee wa kanisa amesema vizuri. Andika aliitikia wito.

Msalimu mama yako.

Mjomba wako.

*

15 Juni

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Tumepokea uzi. Tumepokea na barua, kama ile ni barua. Nilipomaliza kumsomea mama, alikuwa hata hajatia sukari. Akasema, "Kaka yangu akiandika kwa kifupi, kuna kitu amekikalia."

Miezi miwili na zaidi umesubiri ili uniambie nishone kwa matundu matatu.

Nilimpa Kasuku rasimu aisome, maana yeye ndiye msomaji ninayemwandikia. Aliisoma yote, ile yenye wito. Akaniuliza, "Mama, huyu mtu hakuwahi kukosea hata siku moja?" Nikamwambia kijitabu hakijasema. Akasema, "Basi nitamsoma nikiwa mzee." Akaenda kucheza. Mjomba, pale alipopenda ni kwenye kuku.

Kamati inataka kazi mwisho wa Julai. Nina njia mbili. Nikiandika wito, nitakuwa nimewaandikia watoto uongo wenye picha. Nikiandika kilichomo kwenye kumbukumbu, mtu aliyetumia miaka minne kwenye kitabu kimoja atabaki mzembe, na watoto watalikariri. Mtu pekee aliye hai anayejua njia ya tatu ni wewe. Kama hutaki kusema, sema kwamba hutaki, nami nitaacha kuuliza na kazi nitawarudishia.

Mimi mpwa wako.

*

8 Julai

Kwa mpwa wangu,

Hii isome peke yako. Mama yako msomee salamu, kwamba mimi ni mzima, na kwamba paka amezaa, jambo lililonishangaza kwa sababu nilikuwa nikimwita bwana.

Baba alinipeleka shule nikiwa na miaka kumi. Nilikaa wiki mbili. Mwalimu alikuwa na fimbo, na fundi viatu wa jirani na shule alikuwa na hadithi. Nikachagua. Miaka mitatu niliondoka nyumbani asubuhi na daftari kwapani, nikarudi alasiri nikinuka ngozi. Nilijua kushika kitabu, nilijua kusogeza macho na kunyamaza mahali pa nukta. Nyumbani hakuna aliyejua kusoma, nani angenikamata?

Nilipokwenda kwa Bwana Taratibu kuomba kazi, aliuliza kama najua kusoma. Nikasema ndiyo, bwana. Kukunja na kushona hakutaki kusoma, kunataka jicho. Yeye alikuwa ameweka ua dogo chini ya ukurasa wa kwanza wa kila mkunjo, pambo tu. Mimi nilifanya lile ua kuwa macho yangu: ua likiwa chini, mkunjo umekaa sawa. Mikunjo sita nikaishona hivyo. Wa saba unaanza na wimbo wa sitini na moja, una beti nane, chini hapakubaki nafasi. Basi yeye akalihamishia ua juu. Mtu yeyote anayejua hata herufi moja angeona. Mimi nikageuza mkunjo ili ua liwe chini, nikashona. Mara mia nane. Tena kwa maringo, maana mshono ulikuwa mzuri.

Siku ya kufungua kanisa, mkaguzi wa makao makuu amekaa mbele, wimbo unatajwa, watu wanafungua, kimya. Nikamwona Bwana Taratibu anatazama kitabu chake. Halafu akatazama benchi langu, na mimi nilikuwa nimeshika changu nikisubiri waanze, sioni kasoro yoyote. Hapo ndipo alipojua. Hakukunja hata uso. Akasema, "Ndugu zangu, geuzeni vitabu. Taratibu." Kanisa zima likageuza, likaimba, na watu wakadhani ndiyo ibada yenyewe inavyokwenda. Nikageuza na mimi, sijui kwa nini tunageuza.

Baadaye nje, mkaguzi akauliza nani aliyeshona. Bwana Taratibu akasema, "Ua nililihamisha mimi." Mkaguzi akasema hakuuliza habari za maua. Bwana Taratibu akasema, "Fundi wangu alifuata ua, na ua nililihamisha mimi. Andika hivyo." Mkaguzi akaandika uzembe.

Alikuwa na mwezi mmoja kabla hawajaja kuchukua mtambo. Angeweza kuchapa mkunjo ule upya. Badala yake, kila mchana wenzangu wakienda kula, alinikalisha mezani na kunifundisha kusoma, kwa zile herufi za risasi zinazokaa kinyume. Ndiyo maana nasoma yaliyogeuka. Kwangu hayo ndiyo yaliyonyooka. Hakunisema hata siku moja. Hata kuniuliza kwa nini nilidanganya, hakuuliza.

Hilo la vitabu ningekwishakwambia. Andika, mtoto acheke. Linalonifunga mdomo ni hili lingine.

Zile barua za baba. Zilikuwa saba. Mimi nilisimama mlangoni penye mwanga na kuwasomea kisichokuwepo. Baba anawasalimu. Baba ana afya. Kazi ni nzuri, mvua ni nyingi, anakumbuka mapishi ya mama. Majibu nilimwomba karani wa posta aandike "hatujambo" kwa niaba yangu, kwa kisingizio kwamba nimeumia kidole. Kidole kile kiliuma miaka minne.

Mwezi ule nilipojua kusoma, baba alikuwa ameshakufa kulekule. Nikazitoa kwenye sanduku, nikazisoma moja baada ya nyingine. Salamu zilikuwemo, nilibahatisha. Lakini katika kila barua, zote saba, kulikuwa na mstari huu: mpelekeni yule msichana shule.

Yule msichana ni mama yako. Alikuwa na miaka kumi na mitatu siku nilipousoma. Kumi na mitatu haikuwa kuchelewa. Ningesema siku ile, angekwenda. Ningepaswa tu kueleza nimeujuaje leo mstari niliousoma miaka mitano nyuma. Sikusema. Nikazirudisha sandukuni. Leo wewe unamsomea kila kitu, hata maandishi ya pakiti ya dawa.

Bwana Taratibu nilimwambia siku anaondoka. Aliniandikia barua moja kutoka kituo cha ndani, ambako alikaa miaka kumi na mmoja hadi walipomzika. Ni barua ya kwanza niliyoandikiwa mimi na kuisoma mwenyewe. Nakutumia, inisaidie kusema. Usiipoteze.

Mjomba wako.

(Iliyoambatanishwa.)

Kwa Fundi, ndugu yangu. Sijambo. Hapa hakuna mtambo. Nina ubao mmoja, wanafunzi wanne watu wazima, na mbuzi asiyefukuzika ambaye nadhani ataelewa kabla yao. Kuku ni wengi kuliko nilivyoomba. Nyimbo naziandika kwa mkono, taratibu. Habari ya vitabu usiibebe, ua nililihamisha mimi na nililala nikilijua hilo. Ile habari nyingine siwezi kukubebea, maana si yangu. Ukipata nguvu ya kuisema, usiniambie mimi tena. Mwambie dada yako.

*

24 Julai

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Goti limepoa.

Barua yako ilikuja mchana, mama akiwa ameshakaa na kikombe chake, na bahasha ilikuwa nene. Akaipima kwa mkono, akasema, "Hii ni ya vikombe viwili. Soma."

Nilikuwa nimeshaipitishia macho mlangoni, kwa hiyo nilijua ulichoniomba. Nikakaa. Nikaanza, "Mjomba anakusalimu, ni mzima, na paka amezaa." Mama akacheka. Nikasogeza macho kwenye karatasi, nikanyamaza mahali pa nukta, nikitafuta salamu nyingine ya kuongeza. Na hapo, Mjomba, nikajiona. Niko mlangoni penye mwanga, nasoma kisichokuwepo, na mbele yangu amekaa yule yule msichana.

Nikashindwa. Unisamehe, au usinisamehe. Nilirudi mwanzo nikamsomea yote, pamoja na maneno "isome peke yako."

Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza aliomba niisome tena ile barua ya Bwana Taratibu. Chai ilipoa kabisa. Nikadhani analia, kumbe anafikiri. Ghafla akapiga paja, akasema, "Fundi viatu! Miaka mitatu! Na mama alikuwa anamwanikia daftari lisinuke!"

Baadaye, anaosha vikombe, akiwa amenipa mgongo, alisema, "Kumi na mitatu." Basi. Akavisuuza mara mbili.

Jioni aliniita niandike, na haya ni maneno yake kama alivyoyatoa:

"Kaka. Shikamoo. Mwalimu amenisomea. Nimekasirika, na nitakasirika kwa muda, usiniharakishe. Kila siku ya Bwana nimegeuza kile kitabu kwa sababu wengine wamegeuza, sijui juu wala chini, na wewe umekaa upande wa pili wa mtoto unatazama dari. Mwezi wa tisa uje. Usilete zawadi. Lete zile barua za baba, zote saba, uje unisomee. Safari hii kama zilivyo."

Kijitabu nimeiambia kamati nitaandika habari ya ua na ya vitabu. Mchungaji amehuzunika kidogo kwa ajili ya toba yake. Habari ya mama si ya watoto wa shule ya Jumapili, nimeiacha. Kasuku amesoma sura ile akainua kichwa. "Kwa hiyo alijua ni Babu Mjomba, na hakusema?" Nikamwambia hakusema. Akasoma tena.

Mimi mpwa wako.

*

22 Septemba

Kwa mpwa wangu Mwalimu,

Marahaba. Nimefika salama. Paka na watoto wake walinipokea bila shangwe. Kijitabu nimekiweka mezani, nimekikagua mshono. Tundu la kati mmelianza vizuri, fundo mmelifunga kama watu wanaofunga mbuzi. Mwakani nitakuja mapema niwafundishe.

Nasikia Kasuku amewaambia wenzake kwamba mimi ndiye yule wa kwenye kijitabu, ndiyo maana watoto walikuwa wakinipa nyimbo zilizogeuzwa kunipima. Nilifaulu zote. Mmoja akaniletea risiti ya deni la dukani, hiyo nikamwambia aipeleke nyumbani.

Uliniuliza mwezi wa pili kwa nini nilikuwa sigeuzi, nami nikakupa maneno ya mchungaji. Jibu ni kwamba nilikuwa siwezi kusimama katikati ya watu mia tatu wakilifanya kosa langu kwa unyenyekevu namna ile. Mwaka wa kwanza niliona aibu. Mwaka wa kumi nilikuwa nimeizoea aibu, nikadhani ndiyo dini yangu. Safari hii wimbo ulipotajwa nilisikia karatasi za kanisa zima zikipinduka, ule mlio kama ndege wengi wanaoruka pamoja, na mama yako akanikanyaga mguu. Hakuniangalia. Alinikanyaga tu. Nikageuza. Nilikuwa nimekuja na kile changu cha zamani, sijakiona kwa upande huo tangu siku ya kwanza, na nakwambia, mshono ulikuwa mzuri.

Kuna jambo ambalo wewe hukuliona, kwa sababu ulikuwa shuleni. Zile barua tulizisoma mchana, siku tatu, mbili mbili, na ya saba peke yake. Dada yangu alikaa upande mmoja wa meza, mimi upande mwingine. Salamu alizisikiliza kwa mikono mapajani. Kila nikifika kwenye ule mstari, alisema, "Rudia." Narudia. "Tena." Hakusema kingine. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, hata majibu nilikuwa nayo njiani, na hayakutakiwa.

Barua ya saba, nilipomaliza, alisema, "Nionyeshe liko wapi."

Nikamwuliza, "Lipi?"

"Hilo neno. Hilo msichana. Lionyeshe kwa kidole."

Nikaweka kidole. Akainama, akasukuma miwani yake, ile ya kushonea. Akalitazama kwa muda, mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayekagua kitambaa. Akapitisha ukucha juu yake.

"Refu kuliko nilivyodhani," akasema. "Haya. La kwanza hapo linaitwaje?"

Nikamwambia linaitwa m. Akasema, "Endelea, taratibu." Tukaenda hivyo hadi mwisho, naye akanirudisha mwanzo mara nne, hadi nikasikia mlango na sauti yako ukisalimia.

Hukuona kitu, uliona wazee wawili wameinamia meza. Mimi ndiye niliyejua kwamba karatasi ilikuwa imemwelekea yeye, na kwamba siku zote tatu nilikuwa nasoma kutoka upande wa pili.

Mjomba wako.